Kigae Kisichotiwa Gundi

Kazi ya Mama Gundi ilikuwa kujaza matundu. Ukimuuliza mtu yeyote pale maabara jina lake la kitambulisho, angekuna kichwa kwanza, halafu angekuambia, "Aa, Mama Gundi bwana, ingia mlango ule wa tatu." Na yeye jina hilo hakulikataa. Alisema kuna wenzake wameitwa mabaya zaidi.

Aliingia pale kama mfagizi. Fundi mzee aliyekuwa akiandaa sampuli alimtazama wiki nzima anavyofuta meza, polepole, pembe kwa pembe, akamwambia mikono ya namna ile isiishie kwenye ufagio. Akamketisha, akamfundisha. Miaka kumi na sita sasa alikuwa akipokea vipande vya udongo uliochomwa, vya mkaa, vya saruji, hata vya mfupa, vyote vimejaa matundu madogo yasiyoonekana kwa jicho. Alivikausha kwenye tanuri dogo, akavitia ndani ya chupa nene, akawasha pampu ya kuvuta hewa, akakaa akihesabu mapovu kwenye mafuta ya pampu. Mapovu yakikoma, anafungua bomba la gundi, na gundi inaingia taratibu mpaka kwenye kitundu cha mwisho. Baada ya hapo ni siku mbili za kusubiri igande, halafu kukata, halafu msasa, kuanzia ule mkali hadi ule laini kama shavu la mtoto. Kazi isiyotaka haraka. Mwenye haraka angelia.

Kipande kilichokuwa tayari kilikwenda chumba cha jirani kwenye hadubini ya elektroni. Mashine ile ina miale miwili. Wa kwanza unakwangua uso wa kipande, unaondoa utando mwembamba mno, hata tando elfu moja hazifikii unene wa unywele. Mwale wa pili, wa elektroni, unapiga picha ya kilichobaki. Unakwangua tena, unapiga tena, mchana kutwa. Mwishoni kompyuta inazipanga picha zile kama slesi zinavyorudishwa kwenye mfuko wa mkate, na hapo unaupata mkate mzima kwenye kioo. Unaweza kuuzungusha, kuingia ndani yake, ukafuata kijia kimoja uone kinatokea wapi na kipi kimeziba.

Sasa gundi ya nini? Mama Gundi aliwaeleza wageni kwa namna yake, na wageni walimwelewa kuliko walivyowaelewa waliosoma. Tundu tupu, alisema, ni kama dirisha lililo wazi. Ukisimama nje unaona mpaka ukuta wa ndani kabisa wa chumba. Wewe unajua ukuta ule uko mbali. Kompyuta haijui mbele wala nyuma, inadhani ukuta uko pale pale dirishani, basi inaandika jiwe mahali palipo na uwazi. Ukijaza gundi, dirisha linakuwa jeusi tii, na mashine haina pa kuchungulia.

Mkuu wa maabara ile alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Yeye alikuja baadaye, na shahada zake, na wote wakamwita Daktari. Baba yao alipofariki na mama yao akaenda vibarua, Mama Gundi ndiye aliyemwogesha mdogo wake huyo, akamfulia sare, akamshika mkono hadi darasani. Na si kwamba mdogo mtu hakuwa na fadhila. Mwaka aliofika tu aliona dada yake anasimama siku nzima na mgongo unamuuma, asimwambie mtu, akaenda mwenyewe stoo, akabeba kiti kirefu begani kupitia korido yote, watu wanacheka kwamba Daktari kawa mpagazi. Akakiweka mbele ya meza yake, akapima kimo, akakata miguu ya kiti kwa msumeno mpaka ikawa sawa. Mama Gundi hakuisahau siku ile. Mtu anayeuona mgongo wako, alijisemea, huyo amekuona wewe.

Mambo yalianza Jumatatu moja asubuhi. Kiwanda kimoja cha vigae vya kuchujia maji kilikuwa na michanganyiko miwili ya udongo. Wa kwanza ulitiwa unga laini wa mbao, wa pili chenga nene. Kwenye tanuri unga ule huungua ukaacha matundu, na maji hupita humo huku uchafu ukibaki nyuma. Kigae cha pili kilipitisha maji haraka, na ndicho kiwanda kilichokitaka. Swali lilikuwa moja: je, matundu yake si makubwa mno? Kigae cha kwanza kilikuwa kimeshajazwa na kupigwa picha. Cha pili kilichelewa njiani, kikafika Jumatatu hiyo, na Ijumaa Daktari alitakiwa kusimama mbele ya wageni wa wizara na watu wa kiwanda kutoa majibu.

Aliingia chumbani kwa dada yake, akafunga mlango. Akaeleza kwamba siku za kujaza hazipo. Kipande kiende kwenye mashine kikavu, leo leo. Mama Gundi alimkumbusha habari ya dirisha, naye akacheka.

"Dada, hayo mimi nayafundisha darasani."

"Kama unayafundisha, basi si unayajua."

"Nayajua. Tofauti itakuwa ndogo. Na wiki ijayo tunarudia kwa gundi, vizuri kabisa, kama unavyotaka wewe."

Mama Gundi akavuta kadi. Hapo kuna jambo la kuelezwa. Kila sampuli pale ilikuwa na kadi yake, na kwenye kadi mstari mmoja uliandikwa Kujaza. Kwa miaka yote Mama Gundi aliuacha mstari ule mtupu mambo yalipokwenda kama kawaida, akaandika tu kama kuna lililoharibika: gundi imepasuka, hewa imebaki, kipande kimemeguka. Basi pale maabara mstari mtupu ulimaanisha kimejazwa vyema, na hakuna aliyewahi kuuliza mara mbili, maana mkono ni wa Mama Gundi. Alikuwa ameshafungua kalamu aandike neno moja, Kikavu.

"Usiandike," mdogo wake akasema. "Mkurugenzi wa taasisi akiliona hilo atauliza maswali mpaka Ijumaa ipite. Wiki ijayo si utaandika kadi ya marudio? Nifichie hili tu, dada yangu. Hili moja."

Akafunga kalamu. Hakufanya kwa kuogopa. Alimpenda, basi, na alikuwa amezoea kumfichia tangu enzi za vikombe vilivyovunjika.

Siku hizo aliyekuwa akizipanga picha kwenye kompyuta, bwana mmoja mcheshi waliyemwita Pikseli, hakuwepo. Mkewe alikuwa amejifungua kwa upasuaji naye yuko hospitalini. Daktari akaiendesha programu mwenyewe. Majibu yakatoka mazuri ajabu: matundu ya kigae cha pili ni membamba, vijia vingi vimeziba, uchafu hauwezi kupita. Ijumaa walimpigia makofi. Picha ya kigae, yenye rangi za buluu na dhahabu, ikatundikwa ukutani kwenye korido, kubwa kama mlango.

Wiki ijayo ikaja, mashine ikawa na kazi za watu wengine. Iliyofuata, Daktari akasafiri. Mama Gundi alimkumbusha mara ya kwanza wakiwa peke yao, naye akasema atalipanga. Nusu ya kigae ilikuwa bado kabatini, imefungwa kwenye pamba. Alimkumbusha mara ya pili mlangoni kwake, naye akajibu bila kuinua macho kwenye kompyuta kwamba ile habari imeshapita. Mama Gundi akarudi kwenye kiti chake. Alijua angepaswa kwenda mbele zaidi, kwa Mkurugenzi. Kila asubuhi alisema kesho.

Mwezi wa tano tangu siku ile, habari zikafika, tena mezani, watu wakiwa wanakula. Vituo vya afya vilivyofungiwa vichujio vipya vilikuwa vinalalamika. Maji yanakuja haraka, lakini si safi. Kwenye kituo kimoja wagonjwa arobaini na wawili waliugua tumbo wodini, wakiwemo wanawake waliotoka kujifungua. Hakuna aliyekufa, mhasibu alisema, akaendelea kutafuna. Mama Gundi aliweka kijiko chini. Mpishi wa kantini aliona sahani imerudi imejaa, akamfungia chakula kwenye karatasi, akamwambia atakula baadaye, tumbo likitulia. Watu wema wako kila mahali.

Kiwanda kikarudi na maswali. Mkurugenzi akamwagiza Pikseli azitazame upya picha zote. Alichukua nusu saa tu. Kabla hajapeleka neno kokote alikuja mlango wa tatu, akamwita Mama Gundi, akamvutia kiti mbele ya kioo.

"Mama, tazama hiki kinundu," akasema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kiko picha ya arobaini. Kiko ya hamsini. Kiko ya sabini. Mpaka picha ya mia na kumi, hakijasogea. Kinundu kimoja hakiwezi kuwa jiwe kwenye picha sabini."

"Ni ukuta wa nyuma," Mama Gundi akajibu.

"Ni ukuta wa nyuma. Humu hamna gundi hata tone. Na kadi ni tupu." Akamgeukia. "Nani alikwambia usijaze, mama? Maana wewe huwezi."

Alipolisikia neno hilo, wewe huwezi, machozi yalimlenga. Akamwambia yote. Pikseli akasema twende tukaseme, nami nitasimama nawe.

Kikao kilikaa siku ya pili yake asubuhi, chumba cha mikutano, meza ndefu yenye chupa za maji. Alikuwepo Mkurugenzi, afisa utumishi, mama mmoja aliyetoka kiwandani, Pikseli, na Daktari ng'ambo ya meza, amevaa tai. Usiku wa kuamkia siku hiyo Mama Gundi alikuwa amempigia simu mara mbili, haikupokelewa. Hakumkasirikia. Alijua mdogo wake anapoogopa hujifungia. Kitu kimoja tu ndicho alichokuja nacho moyoni: mdogo wake aseme mwenyewe. Kazi hata wakimfukuza, na wamfukuze. Ila aseme.

Pikseli akaonyesha kinundu chake. Mkurugenzi akaelewa, akavua miwani.

"Mama, kigae cha pili ulikijaza?"

"Sikukijaza."

"Kwa nini?"

 Mama Gundi alimtazama mdogo wake, akamwachia nafasi, kama mtu anavyomshikia mwenzake mlango. Chumba kizima kikasubiri bila kujua kinasubiri nini. Daktari alikuwa akisoma karatasi. Akageuza ukurasa.

"Daktari alinikataza," Mama Gundi akasema. "Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi. Alisema muda hakuna, na nisiandike kwenye kadi."

Laiti Daktari angekasirika. Laiti angepiga meza, akamwita mwongo, wangerushiana maneno, na pengine ukweli ungedondoka katikati. Hakukasirika. Aliweka karatasi chini, akasema kwa sauti ya upole, sauti ileile aliyokuwa akimwomba nayo dada yake msamaha alipokuwa mdogo.

"Mkurugenzi, huyu ni dada yangu. Ndiye aliyenilea, wote mnajua. Nisingependa kuyasema haya mbele za watu." Akanyoosha tai yake. "Siku hizi anasahau. Nyumbani tumeshaanza kuliona. Nilidhani kazini ataweza, kosa langu ni hilo. Ningemwondoa mapema."

Kuanzia hapo wote wakawa wema kwake. Mama wa kiwandani akamfungulia chupa ya maji, akamsogezea, akamgusa mkono. Afisa utumishi akaanza kuongea naye polepole, neno moja moja, kama anayemvusha mtu barabara. Mama Gundi akaona njia pekee ni kuonyesha kwamba hajasahau kitu. Akawatajia tarehe. Akawatajia shati alilovaa Daktari siku ile, la mistari ya kijivu. Akawatajia namba ya kopo la gundi lililokuwa mezani na halikufunguliwa, na joto la tanuri, na jinsi kipande kilivyokuwa kimemeguka kidogo upande wa kushoto. Kadiri alivyotaja ndivyo walivyotikisa vichwa kwa huruma. Mkurugenzi alisema, "Sawa mama, sawa, tumekusikia." Alipomaliza akasikia sauti yake mwenyewe imepanda, inatetemeka, na akajua anavyoonekana.

Pikseli akasimama kama alivyoahidi. Alisema miaka kumi na moja ya kufanya kazi na mama huyu hajaona amesahau hata kufunga kopo. Mkurugenzi akamuuliza kama Jumatatu ile alikuwepo. Hakuwepo, alikuwa hospitali. Akamuuliza kama kuna aliyewasikia. Mlango ulikuwa umefungwa. Pikseli akaketi. Picha zile zilikuwa na uwezo wa kuonyesha kila kitundu ndani ya kigae, na zilionyesha kweli kwamba hakikujazwa. La nani aliyekataza halikuwemo ndani ya picha.

Hawakumfukuza. Katika ripoti waliandika dosari ya maandalizi ya sampuli iliyotokana na uchovu wa mtumishi wa siku nyingi. Kwa kuheshimu utumishi wake walimhamishia stoo ya vyombo vya kioo, chumba kizuri tu, chenye dirisha, kazi ni kupokea chupa na kutoa chupa, tena kila anayechukua anaandika mwenyewe, ili mama asisumbuke. Kigae kile kilirudiwa kwa gundi, na fundi mwingine. Matundu yakaonekana yalivyo, mapana, yameshikana kutoka upande huu hadi upande ule kama milango iliyoachwa wazi nyumba nzima. Kiwanda kilianza kuvikusanya vichujio vyake. Daktari aliandikiwa barua ya kumtaka asimamie watu wake kwa karibu zaidi, akabaki na ofisi yake.

Alipokutana naye koridoni, na watu wapo, alimwamkia kwa sauti ya kusikika, akainama kabisa: "Shikamoo dada." Naye akaitikia marahaba, maana watu wapo. Wasipokuwepo, Daktari alikuwa na namna ya kukumbuka kitu ofisini akageuka. Siku moja alimtumia mto wa kiti kwa mkono wa katibu wake. Mama Gundi aliupokea, akaushukuru mkono wa katibu, akauweka juu ya rafu ya chupa zilizovunjika.

Wafanyakazi wenzake nao hawakumwacha. Walipita kumsalimia. Walimwuliza leo ni siku gani, kwa utani, wakasubiri jibu bila utani. Mpishi wa kantini alimtumia chakula na kijikaratasi kinachosema leo amekula nini, asije akasahau. Pikseli ndiye pekee aliyemwuliza mambo ya gundi, na alikuja mara nyingi mwanzoni, kisha mara chache, kwa sababu kila akija alitoka na uso wa mtu anayedaiwa.

Mwezi haujaisha, Jumapili moja mchana, mama yao mzazi akapiga simu. Alikuwa mzee sana sasa, anakaa kwa binti wa mwisho, mji mwingine, na masikio yake yalikuwa bado mazima. Walisalimiana kirefu. Wakazungumza mvua, miguu, na wajukuu. Kisha mama mtu akashusha sauti.

"Mdogo wako ameniambia."

"Amekuambia nini, mama?"

"Kwamba siku hizi kichwa kinakuchezea. Usione haya, mwanangu, mimi si mama yako? Ameniambia kwa uchungu, karibu alie. Kakutafutia kazi ya kukaa, wasikusumbue. Mungu ampe umri. Watoto gani siku hizi wanakumbuka aliyewabeba?"

Mama Gundi alikuwa amesimama karibu na meza. Akavuta kiti, akakaa. Kwenye kikao angeweza kusema walikuwa watu baki, hawamjui vyema. Huyu ndiye aliyemjua kuliko wote. Akakusanya maneno, akayapunguza, akayapunguza tena, yakabaki mawili.

"Mama, sikusahau."

 Alisikia pumzi ya mama yake, na redio ya mtu mbali nyuma yake. Halafu ikaja ile sauti, laini, ya taratibu, ya kumpapasa mtoto mwenye homa, na Mama Gundi akaitambua kabla haijamaliza neno la kwanza, kwa kuwa ndiyo sauti waliyokuwa wakimsemesha nayo watu wote.

"Ndiyo, mwanangu," mama yake akasema. "Hukusahau. Haya, niambie, leo umekumbuka kula?"

Akajibu kwamba amekula.